Suruali ya mashoga wanne, sehemu ya pili: uzoefu wangu

Nianze kwa kukiri. Filamu yenyewe ilitoka Agosti 2008, na mimi nimeitazama mwaka huu, sikukuu tatu, kwangu Kikwajuni, sahani ya visheti katikati na mama yangu kwenye kiti chake akijifanya haangalii. Anayetafuta habari za filamu mpya asipoteze wakati wake hapa. Lakini kama uliwahi kuwa na mashoga mliovaa nguo moja kwa zamu, kaa kitako. (Na nyinyi wa bara msicheke. Huku kwetu shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, basi.)

Jina lake ni refu kama foleni ya tiketi za boti siku ya kuamkia Idd: The Sisterhood of the Traveling Pants 2. Ya kwanza ilitoka 2005, na hiyo niliiona Wete, nikiwa kidato cha tatu, kwa jirani mwenye deki. Kisa chake ni cha wasichana wanne wa Kimarekani, Tibby, Lena, Carmen na Bridget. Mama zao walijuana wakiwa na mimba zao, kwa hiyo urafiki umeanza kabla ya wenyewe kuzaliwa. Wanaikuta dukani suruali moja ya jinzi inayomkaa kila mmoja wao, mwembamba na mnene, mrefu na mfupi. Likizo ile ndiyo ya kwanza kutengana, wakakubaliana kutumiana suruali, kila mmoja akae nayo siku zake. Ina sheria zake, na mojawapo ni kwamba haifuliwi. Mama aliposikia hiyo sheria aligeuza kiti akaitazama filamu waziwazi, nadhani ili aone mwisho wa uchafu huo.

Hiyo ya kwanza sikuimaliza. Pemba wakati ule tulikuwa tunategemea majenereta, waya wa baharini kutoka Tanga ulikuja 2010, na umeme ukazimika filamu imebakia kama robo. Mmoja wetu, aliyekuwa na mdomo kutushinda sote, akatumalizia mwisho kutoka kichwani mwake: suruali inaungua kwa pasi ya mkaa na Lena anaolewa na yule kijana wa Kigiriki anayempenda. Niliuamini mwisho huo miaka yote. Kwa hiyo ya pili ilipoanza na nikaiona suruali ipo, haina hata alama ya moto, nilipiga kelele ukumbini peke yangu.

Sasa hii ya pili. Wamemaliza mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, kila mmoja na chuo chake. Carmen anaisubiri likizo wakae pamoja kama zamani. Likizo inafika na kila mtu ana lake: Bridget anakwenda Uturuki kufukua mambo ya kale, Lena yuko kwenye darasa la kuchora huko Rhode Island, Tibby amebaki New York na kazi katika duka la kukodisha filamu. Nyumbani nako mama yake Carmen ameolewa tena, ana mimba, na wanahama. Chumba chake kimefungwa kwenye maboksi. Ukiutafuta ugomvi huupati, wala mtu wa kumnyooshea kidole.

Hapo ndipo iliponishika. Filamu za urafiki nilizozizoea, za kwetu na za wenzetu, lazima awepo msaliti: kachukua mume wa mwenzake, kamwendea mwenzake kwa mganga, kala pesa za mchezo. Ukishampata wa kumchukia mambo yanakuwa mepesi. Hii kwa nusu nzima haikupi mtu huyo. Kuna shughuli tu.

Likizo yetu sisi ilikuwa msimu wa karafuu. Usiku tukikaa kwenye jamvi kwa bibi, Mtambwe, tunachambua karafuu na makonyo mpaka vidole vinakuwa vyeusi na vinawasha, na hadithi haziishi, na bibi anatwambia midomo inakwenda mbio kuliko mikono. Pesa za msimu mmoja tukaziunganisha tukashona gauni la kijani la kwendea harusini. Gauni letu halikuwa na miujiza. Kila likihama mwili lilipitia kwa fundi, akalitia hapa akalitoa pale, mpaka kiunoni likatoboka sindano kama chujio. Halafu mmoja akaolewa Mkoani, mmoja akaenda Dar es Salaam kusomea uuguzi, mmoja akaenda Muscat. Mimi nikabaki Wete miaka miwili nangojea mtu arudi msimu. Walipiga simu, sikatai. Zikawa za kila Ijumaa, zikawa za mwezi, zikawa za sikukuu mpaka sikukuu. Sikuwa na wa kumlaumu, na usipokuwa na wa kumlaumu huna hata pa kuanzia kulia.

Kwa hiyo sura ya America Ferrera, anayeigiza Carmen, pale anapowasikiliza wenzake wakitaja mipango yao huku anatabasamu na kuitikia, mimi naijua. Nimeivaa. Kwangu mimi ndiyo dakika mbili bora za filamu nzima, na hata suruali haimo.

Carmen anaishia kumfuata msichana mwengine wa chuoni, Julia, kwenye kambi ya tamthilia huko Vermont. Anakwenda kufanya kazi za nyuma ya jukwaa, anajikuta amepewa nafasi ya Perdita katika The Winter's Tale ya Shakespeare, nafasi ambayo Julia aliitaka. Kuanzia hapo Julia anamsaidia ule msaada wa kukutia kombo. Mama yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kusalimia watalii, alimjua Julia kabla yangu. "Huyo hana kheri," akasema, tena binti wa watu alikuwa bado anacheka vizuri tu.

Kisa cha Bridget ndicho kizito, na ndicho walichokipapasa tu. Mama yake alijitoa uhai. Baba amezificha barua za bibi mzaa mama kwa miaka, na Bridget anazigundua. Anakwenda nazo moyoni mpaka Uturuki, anafukua mifupa ya watu wa kale chini ya mwalimu anayeigizwa na Shohreh Aghdashloo (sauti ile, jamani, anaweza kusoma bei za samaki nikamsikiliza), mpaka hawezi tena. Anaacha kazi, anakwenda Alabama kumtafuta bibi. Bibi ni Blythe Danner. Wawili wale wanazungumza habari ya mama mtu bila ya kupaza sauti, na ukumbini kwangu hakuna aliyetafuna kisheti. Kwetu mambo kama hayo hayatajwi. Husemwa "aliumwa", na mtoto anakua anauliza aliumwa nini, anaambiwa akaoge. Ningetaka filamu ikae pale kwa bibi nusu saa nzima. Imekaa dakika chache, ikarudi kwa wavulana.

Wavulana sasa. Wazuri wote, wamepakwa mafuta wote, wana subira kama mitume. Lena anasikia kwamba Kostas, yule Mgiriki wake, ameoa. Baadaye inajulikana Kostas alidanganywa na huyo aliyemwoa kwamba ana mimba. Hapo kati Lena anampata kijana mwengine kwenye darasa la kuchora, ambaye ndiye anayechorwa, na anachorwa bila nguo. Nilijitia natafuta rimoti. Mama akanambia rimoti iko mkononi mwangu.

Kwa Tibby pia tahadhari. Yeye na Brian, mvulana wake, wamekwenda mbali kuliko inavyotakiwa, anaingia na hofu ya mimba, na hofu inamfanya mkali kwa kijana ambaye hajamfanyia ubaya. Haonyeshwi kitu cha aibu, lakini mazungumzo yapo wazi. Marekani waliipa alama ya PG-13, yaani wazazi wanahadharishwa kwamba yamo mambo yasiyowafaa walio chini ya miaka kumi na tatu. Mimi nasema tazama na mashoga zako. Na mama mzazi ni bahati nasibu. Hata hivyo, pale mama yake Carmen anaposhikwa na uchungu na Tibby ndiye aliye naye, mama yangu, aliyezalisha nusu ya mtaa wetu kule Wete, alisimama kabisa akawa anatoa maelekezo kwa televisheni.

Niseme kuhusu mwongozaji, maana watu hawamtaji. Ya kwanza iliongozwa na mwanamume, Ken Kwapis. Hii imeongozwa na mwanamke, Sanaa Hamri, mzaliwa wa Tangier, Moroko. Mtu wa bara letu, wa mji wa bandari. Sijui kama nilikuwa natafuta dalili nikaziona, lakini namna anavyowapiga picha wasichana wakiwa wamekaa tu, miguu juu ya kochi, mmoja amemlalia mwenzake begani, hakuna kinachotokea, niliona ni jicho la mtu aliyewahi kukaa barazani na wanawake.

Kisa chenyewe kimetolewa kwenye vitabu vya Ann Brashares, hasa kile cha nne, na hapo ndipo penye kasoro kubwa. Vitabu vina nafasi. Filamu ina saa mbili kasoro kidogo, na ndani yake visa vinne, nchi tatu, wavulana wanne, uzazi mmoja na tamthilia ya Shakespeare. Uturuki imekuwa vumbi na kofia. Umeanza kumpenda mtu, wanakukatia, wanakupeleka kwa mwengine. Ni kama kupanda daladala ya Darajani na mashoga wanne, kila mmoja anakupa habari yake kwa wakati mmoja, na wewe unashuka kituo kinachofuata.

Anayetaka kuitazama bila kujua mwisho aruke aya hii nzima. Suruali inapotea. Effie, mdogo wake Lena, anaichukua kwa hasira, anakwenda nayo Ugiriki, anaipoteza huko. Mashoga wanne wanafunga safari mpaka Santorini kuitafuta, kwenye zile nyumba nyeupe za juu ya mwamba, na nilikuwa nimeshajiandaa kwamba itaonekana dakika ya mwisho, imetundikwa mahali, upepo unaipepea na muziki juu yake. Haionekani. Wanaishia kuogelea wote wanne, wanacheka, na suruali imekwenda zake. Nilimheshimu sana aliyeamua hivyo.

Mambo ya ufundi: mimi niliitazama kwenye DVD halisi niliyoletewa na shoga yangu wa Muscat, si ya kunakiliwa kwenye flashi. Picha safi, bahari ya Santorini unaiona rangi yake. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, hivyo kila aliye nyumbani alinitegemea mimi kutafsiri, na kuna mahali nilitafsiri vyengine kwa makusudi kwa sababu ya mama. Sauti za mazungumzo ni ndogo kuliko za muziki; utakuwa unapandisha na kushusha usiku mzima. Waigizaji wote wanne walikuwa na majina yao kwenye televisheni za Marekani wakati ilipotengenezwa, Blake Lively na Alexis Bledel nadhani mtawajua, na inaonekana wanajuana kweli. Hawachezi urafiki kwa kukumbatiana ovyo. Wanakatizana maneno, na mtu humkatiza hivyo yule aliyemzoea.

Nimeipa nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya bibi wa Alabama. Ningekuwa na binti wa kidato cha nne, anayekaribia kuachana na wenzake, mmoja chuo Tunguu, mmoja bara, mmoja kwa mume, ningekaa naye tuitazame, kisha ningeondoka nikamwachia simu yangu yenye vocha.

Usiku ule ule nilimwandikia wa Muscat: gauni la kijani liko kwa nani? Akajibu anadhani kwa wa Mkoani. Wa Mkoani akasema alimpa wa Dar es Salaam siku ya harusi ya dada yake. Wa Dar es Salaam akaapa kwamba mara ya mwisho alinirudishia mimi, kwenye mkoba wa ukili, pale gati ya Wete, na mimi sikumbuki mkoba wowote. Tulibishana mpaka saa saba, wote wanne, kwenye kundi moja la simu lililofunguliwa usiku huo na yule mwenye mdomo.

DVD yenyewe msiniombe. Imeondoka na boti ya Jumamosi, imefungwa kwenye leso pamoja na dawa za bibi, inakwenda Mkoani, halafu itavuka Dar es Salaam. Ganda lake limebaki kwangu, nimelisahau juu ya friji.