Meza ya msaada wa kisheria langoni mwa mahakama, Kisumu: nyota tano

Natoa nyota tano, na nazitaja mapema kwa sababu wenye jamaa rumande hawana muda wa kusoma hadithi ndefu. Huduma yenyewe ni meza mbili za mbao chini ya turubai, hatua chache ukishapita lango la mahakama hapa Kisumu. Wanaokaa hapo ni wasaidizi wa kisheria wawili na kijana mmoja wa kujitolea. Hawalipishi hata shilingi. Wanawahudumia watu wasio na wakili, hasa wale ambao jamaa yao amepewa dhamana na hakuna wa kuimudu.

Yaliyonipeleka pale ni haya. Mpwa wangu ni mtu wa bodaboda, anaegesha Kondele. Alibeba abiria mwenye mkoba, mkoba ukawa na simu za wizi, abiria akaruka akatoroka na kijana wetu akabaki na pikipiki. Ilikuwa Ijumaa jioni, kwa hiyo alilala seli hadi Jumatatu. Katika kituo alikozuiliwa tuliambiwa mambo matatu tofauti na maafisa watatu tofauti, na mmoja wao alitaka "tuongee vizuri" kando ya ukuta. Hatukuongea. Jumatatu akasomewa shtaka la kushughulikia mali ya wizi, akakana, hakimu akaweka dhamana ya shilingi 100,000 pesa taslimu, au bondi (ahadi ya kulipa, bila kutoa pesa mkononi) ya 200,000 na mdhamini mmoja. Dada yangu anauza omena Kibuye. Alisikia kile kiasi akakaa chini palepale kwenye korido.

Karani mmoja mwenye huruma ndiye aliyetuelekeza kwenye turubai.

Msaidizi aliyetupokea ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimtazama dada yangu kwanza, akamsogezea kiti, kisha akaniambia, "Japuonj (yaani mwalimu, kwa Kijaluo), nawe keti, tusisimamiane." Akaichukua nakala ya karatasi ya mashtaka, akaisoma yote bila kuinua kichwa, na kwa penseli akapiga mstari chini ya vitu vinne: tarehe ya kukamatwa, kifungu cha sheria, namba ya kesi, na anwani ya mshtakiwa. Kwenye anwani palikuwa pameandikwa "Kisumu" tu. Hapo ndipo alipotua penseli. "Hakimu amemwona mtu asiye na nyumba," alisema. "Ndiyo maana kiasi kimepanda. Sasa niambieni anaishi wapi, analala na nani, na nani mwingine anamjua mbali na nyinyi."

Maswali yake yote yalizunguka hilo la mwisho. Nani anamjua? Anataka barua ya chifu. Anataka barua ya mwenyekiti wa stage, yaani kituo cha bodaboda, yenye namba ya kitambulisho na sahihi, si ya kuandikwa na jamaa. Anataka risiti za kodi ya nyumba, hata zile za kuandikwa kwa mkono. Anataka mwenye pikipiki aseme kwa maandishi kwamba kijana humletea hesabu kila jioni. Akatueleza Kifungu cha 49 cha Katiba kwa Kijaluo safi hadi dada yangu akawa anaitikia kwa kichwa: kwamba mtu aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi yenye masharti ya kadiri, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumnyima. Akasema mahakama yenyewe inaweza kuombwa iyatazame upya masharti hayo, na ikikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kuyapunguza. Mimi nimeisoma Katiba ya 2010 kwa miaka mingi. Sijawahi kuisikia ikielezwa hivyo, kama kitu cha kutumia leo kabla ya saa sita.

Mimi hufundisha Historia na Serikali. Kidato cha nne tuna mada ya uchaguzi wa Uingereza, Marekani na India, na kipande kinachowasumbua wanafunzi ni kura za mchujo za urais Marekani, zile ambazo wapiga kura wa chama huchagua mgombea wao jimbo kwa jimbo. Mfano ninaoutumia ni wa 2020. Joe Biden, akitafuta tiketi ya chama cha Democratic, alikuwa ameangushwa katika majimbo ya Iowa, New Hampshire na Nevada. Februari 26, siku tatu kabla ya mchujo wa South Carolina, mbunge Jim Clyburn, mtu anayeheshimiwa sana na wapiga kura weusi wa jimbo hilo, akatangaza kumuunga mkono. Alisema wao wanamjua Joe, na kubwa zaidi, Joe anawajua wao. Biden akazoa karibu nusu ya kura zote. Kufikia Machi 2, wapinzani wake Pete Buttigieg na Amy Klobuchar walikuwa wamejiondoa na kusimama jukwaani upande wake. Kamala Harris na Cory Booker, waliokuwa wameshajiondoa kabla, wakafuata wiki iliyofuata, na Bernie Sanders, mpinzani wake mkubwa, akamwidhinisha Aprili.

Nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la turubai lile ndipo hotuba ya Clyburn ilipoingia akilini. Swali ni lilelile: nani anamjua mtu huyu? Tofauti ni kwamba kwa Biden kulikuwa na mengi ya kujulikana. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti iliposukumwa sheria ya jinai ya 1994, ile iliyotiwa saini na Bill Clinton, iliyomwaga fedha za kujenga magereza na kuweka kifungo cha maisha kwa anayetiwa hatiani mara ya tatu kwa makosa mazito ya ukatili. Sanders naye aliipigia kura akiwa bungeni. Harris alikuwa mwendesha mashtaka mkuu wa San Francisco kisha wa California nzima, na rekodi hiyo ilimwandama kwenye mdahalo wa Detroit, Julai 2019. Michael Bloomberg, aliyekuwa meya wa New York, aliomba radhi kanisani Brooklyn, Novemba 2019, kwa polisi wake wa New York waliokuwa wakisimamisha na kupekua vijana weusi na wa asili ya Kilatino barabarani. Juma moja baadaye akaingia kwenye kinyang'anyiro cha urais.

Na bado katika mchujo huo huo, Biden, Sanders, Elizabeth Warren na Harris wote waliahidi jambo moja linalotuhusu sisi wa turubai: kukomesha dhamana ya pesa. Walikuwa na sababu. Kalief Browder alikuwa na miaka 16 alipokamatwa New York mwaka 2010 kwa madai ya kuiba mkoba. Dhamana yake ilikuwa dola 3,000. Familia haikuweza, naye akakaa gereza la Rikers karibu miaka mitatu bila kesi kusikizwa, nyingi ya siku hizo akiwa peke yake chumbani. Mashtaka yakafutwa 2013. Alijiua 2015. Nikisimulia hilo darasani, wanafunzi hunyamaza kwa sababu wengi wao wana binamu au jirani aliyekwama rumande kwa pesa zisizofika bei ya ng'ombe.

Lakini rais wa Marekani hana mamlaka juu ya mahakama za majimbo, na huko ndiko wanakoshtakiwa na kufungwa watu wengi. Illinois ilifuta dhamana ya pesa Septemba 2023 kwa sheria ya jimbo. Philadelphia ilipunguza mwaka 2018 kwa uamuzi wa mwendesha mashtaka wake, Larry Krasner, aliyechaguliwa na wakazi wa mji huo. Kwa hiyo wakubwa walipokuwa wakiidhinishana jukwaani, kazi yenyewe ilikuwa ikifanyika chini kabisa, na watu ambao majina yao hayachapishwi kwenye fulana.

Kuna jambo moja zaidi ambalo msaidizi yule alinifungua macho. Dada yangu alikuwa na jirani aliyekuwa tayari kusimama kama mdhamini kwa logbook, yaani hati ya umiliki, ya gari lake. Kabla ya kumruhusu, msaidizi alimketisha mwanamume yule kando na kumwambia, pole pole na bila kumficha lolote: "Kijana akikosa kufika siku ya kesi, wewe ndiye utaitwa. Gari lako ndilo litashikwa. Umemjua vya kutosha?" Jirani akafikiri. Akauliza maswali mawili kuhusu kijana. Kisha akasema ndiyo. Natamani kila anayemwinua mgombea mkono, kwao na kwetu, aulizwe hivyo. Anayemdhamini mshtakiwa Kisumu anaweka gari lake. Anayemdhamini mgombea urais haweki chochote. Mgombea akisahau ahadi ya dhamana na magereza, hakuna anayekuja kuuliza kwake. Tumeona vivyo hivyo hapa kwetu Machi 2022, chama cha UDA kikimwidhinisha William Ruto kugombea urais pale Kasarani na muungano wa Azimio ukimwidhinisha Raila Odinga, viongozi wakipokezana kipaza sauti. Nilifuatilia yote mawili kwenye televisheni nikingoja mtu ataje mahabusu. Kwa mwalimu ambaye kila mwaka hupoteza mwanafunzi mmoja au wawili kwa rumande, ukimya huo unauma.

Hatimaye jirani hakuhitajika. Ombi liliandikwa palepale mezani, kurasa mbili, likiwa na barua zote nyuma. Msaidizi hakuingia kusema mbele ya hakimu, maana yeye si wakili, ila alimfundisha dada yangu na kumwelekeza afisa wa probesheni hadi nyumbani Manyatta kwa ripoti. Hakimu aliisoma, akauliza kuhusu barua ya mwenye pikipiki, akashusha dhamana hadi 20,000. Stage ilichanga. Pesa ililipwa kwa simu na risiti ikatoka. Kijana yuko nje, kesi inaendelea, na kabla ya kila kutajwa kwa kesi anapata ujumbe wa kumkumbusha tarehe kutoka kwenye meza ile ile.

Kasoro zipo. Hakuna faragha kabisa: nilisikia habari za ndoa ya mtu niliyemwona mara ya kwanza, naye bila shaka alisikia zetu. Mvua ikinyesha kwa upepo, karatasi zinalowa na kazi inasimama. Foleni ya asubuhi ni ndefu na hawatoi namba, kwa hiyo wenye nguvu hutangulia mbele ya wazee. Hawana mashine ya nakala, na duka la nje linajua hivyo na limepandisha bei. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi hawa, lakini ukiona walivyo na meza mbili tu kwa mji mzima, utaona wazi kwamba kutambuliwa hakujawaletea bajeti. Hata hivyo sipunguzi nyota. Hayo ni ya wenye pesa kurekebisha; wasaidizi wenyewe wanafanya kazi yao kikamilifu.

Ukienda, fika kabla ya saa mbili, na epuka Ijumaa mchana kwa sababu mmoja wao huwa gerezani kuwaona mahabusu. Beba nakala ya karatasi ya mashtaka, vitambulisho, barua ya chifu na chochote chenye anwani kamili ya nyumbani. Nakala zitoe mtaani kwenu kabla ya kufika mjini. Langoni utakutana na vijana waliovalia vizuri watakaojitolea "kukuharakishia" kwa elfu mbili tatu. Wapite, geuka kushoto, turubai utaliona.