Duka la spea Arusha: waliniunguzia diodi ya leza mbele ya macho yangu wakasema "si inawaka?"

Kama unatafuta diodi ya leza (kile kispea kidogo kinachotoa mwale wa leza) hapa Arusha, usiende lile duka la spea za umeme lililo kwenye uchochoro wa nyuma ya Soko Kuu. Au nenda, lakini soma haya kwanza. Jina silitaji.

Mimi elektroniki naifanya kwa kupenda tu, na ni mgeni kwenye fani. Jioni nikirudi Sanawari nakaa na mita yangu, risasi na pasi ya kulehemu mpaka usiku. Safari hii nilitaka kutengeneza leza ndogo nyekundu ya miliwati 5, siyo zile za kuchomea viberiti. Nilisoma kwamba ukiweka unywele mmoja mbele ya mwale wa leza, ukutani huoni kivuli cha unywele, unaona mstari wa madoa mekundu yaliyotenganishwa na giza. Ukipima nafasi ya giza hadi giza unapata unene wa unywele wako. Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Kupima kitu ambacho rula haiwezi, kwa vifaa vya elfu chache, nyumbani kwangu!

Kwa hiyo nilijiandaa. Diodi ya leza huwezi kuichomeka kwenye betri hivi hivi. Ikipata joto inaruhusu mkondo mwingi zaidi, mkondo nao unaongeza joto, na ndani ya kufumba na kufumbua imekwenda. Inalishwa kwa mkondo uliodhibitiwa. Nikafunga kisakiti cha LM317, IC ndogo ya kudhibiti umeme, na rizista ya omu 39. Hiyo IC inashikilia volti 1.25 juu ya rizista, ukigawanya kwa 39 unapata kama miliampia 32, na haivuki hapo hata ukiweka betri mpya ya volti 9. Nilijaribu kwanza kwa kufunga diodi za kawaida mahali pa leza, mita ikasoma vizuri. Kilichobaki ni diodi yenyewe, nikaenda mjini na kisakiti changu kwenye mfuko.

Nikaingia, nikamwamkia mwenye duka. "Shikamoo mzee, naomba diodi ya leza, nyekundu, ya nanomita 650." Hiyo namba ni urefu wa wimbi la mwanga wake. Shikamoo yangu haikupata marahaba mpaka leo. Akatoa kijisahani chenye diodi kadhaa, akataja elfu nane, nikamtumia kwa simu. Mpaka hapo sina neno, mtu anaweza kuwa na siku mbaya.

Kabla sijanyoosha mkono kuichukua, akavuta paua sapulai ya mezani, kile kifaa cha kutolea umeme wanachoamshia simu zilizokufa. Nikaona volti 5, na kitufe cha ampia kimezungushwa mpaka mwisho. Nikamwambia, "Mzee naomba usiiweke hapo moja kwa moja, itaungua, nina kisakiti chake hapa." Nilisema kwa adabu kabisa. Akanijibu bila kuniangalia: "Chalii, mimi nimeanza kuuza spea wewe hujazaliwa." Akabana waya.

Kwa nukta moja tu nililiona. Doa jekundu lililorefuka, kali, lilitua kwenye kalenda ya ukutani. Halafu likafifia, ikabaki diodi inang'aa kinyonge kama kitaa cha redio.

"Umeona? Inawaka hiyo."

Jamani. Inawaka, ndiyo, lakini siyo leza tena! Ndani ya ile diodi kuna kijiwe kidogo sana, na ncha zake mbili zinafanya kazi ya vioo. Mwanga unarudishwa huku na huku kati ya hizo ncha, unaongezeka nguvu, mpaka unatoka ukiwa leza. Mkondo ukizidi, mwanga wenyewe unaiunguza ncha. Kijiwe kinaendelea kupitisha umeme na kutoa wekundu, lakini vioo vimekufa, na kilichobaki mkononi ni LED ya mia mbili. Leza zipo duniani tangu 1960, mwanafizikia Theodore Maiman alipowasha ya kwanza kule California, na za diodi tangu 1962. Mtu anayeziuza kwenye kijisahani hana sababu ya kutojua kinachoziua, na kama hajui, asikilize mteja anayemwambia.

Nikamwomba anibadilishie. Akanyoosha kidole kwenye kibao cha dukani kilichoandikwa: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia mzee, haijatoka hata kwenye kaunta yako, na aliyeiunguza ni wewe. Akasema nisimharibie biashara, wateja wamesikia wenyewe kwamba inawaka. Na kweli walikuwepo watu, na wote walikuwa wananitazama mimi kama mtu msumbufu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko hela. Nilikuwa sahihi na bado nikaonekana mkorofi.

Sasa niseme ukweli wote. Pale dukani kuna kijana anayemsaidia. Yeye ndiye aliyesema, taratibu, "Hebu lete hicho kisakiti chako, bro." Akachukua diodi nyingine kwenye kijisahani, akagusa kwanza chuma cha meza ili kutoa umeme tuli mwilini. Hii ni miezi ya baridi, kila mtu Arusha yuko ndani ya sweta, na umeme tuli wa sweta unatosha kuua diodi ya leza bila wewe kuhisi chochote. Kijana anajua hayo! Akaulizia mguu upi ni upi, maana ina miguu mitatu, akaunga. Ikawaka. Kwenye karatasi ile nuru ilikuwa na chembechembe zinazometameta, ukisogeza kichwa nazo zinasogea. Leza ndiyo inayofanya hivyo, mwanga wa LED haufanyi. Akaweka na ile ya kwanza pembeni: wekundu mtupu, umetulia, hauna chembe hata moja. Mwenye macho angeona tofauti.

Mzee akaangalia zote mbili akasema, "Zote zinawaka."

Hapo nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu kwa ajili ya yule kijana. Lakini mzee akachukua ile nzima, akaifunika kwa kilenzi, akaanza kuizungusha dukani kuwaonyesha watu. Alikuwepo mama mmoja na mtoto mgongoni. Doa likapita ukutani, likapita begani kwa mama, likatua usoni kwa mtoto. Nilipiga kelele, na sijutii. Jicho lina lenzi yake, mwale ukiingia unakusanywa kwenye nukta ndogo kule nyuma ya jicho. Mtu mzima miliwati 5 itamfanya apepese na kugeuza uso ndani ya kama robo sekunde, na huo ndio ulinzi alionao. Mtoto ameona taa nzuri nyekundu, yeye anaikodolea. Mzee akacheka, akaniambia hata wauza vitu mkononi pale stendi wanaziuza kwa watoto. Nyota tatu zikafutika papo hapo.

Diodi ya pili niliinunua kwa hela nyingine. Sikuwa na namna, maduka mengine niliyozunguka, hadi Kilombero, wananiuliza kama nataka tochi. Na diodi yenyewe ni nzuri mno, siwezi kudanganya. Usiku ule ule niliibana mezani, nikategesha unywele wangu, nikaelekeza mwale kwenye ukuta uliokuwa umbali wa mita 3, mlango nimeufunga ili mdogo wangu asiingie ghafla. Madoa yakatokea kama nilivyosoma. Giza hadi giza ilikuwa sentimita 2.5 hivi, hesabu ikanipa maikromita 78, yaani sehemu 78 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Nilimwita mdogo wangu akasimama nyuma yangu, tukapima na wake, wake ni mwembamba zaidi. Tulikaa tunaangalia ukuta mpaka betri ikaanza kuchoka.

Kwa hiyo bidhaa ni nzuri, nasema tena, na bei siyo mbaya. Kama unahitaji LM317, rizista za namba zisizo za kawaida, lenzi, vyote wanavyo, na sijui duka jingine mjini lenye vyote hivyo. Nenda, ila muulizie yule kijana, na kama hayupo ondoka urudi siku nyingine. Usikubali chochote cha leza kipimwe kwenye ile paua sapulai, na ukiwa na mtoto msubirishe nje na mtu.

Mwenye duka nampa sifuri. Kijana nampa tano. Na elfu nane yangu ya ile diodi ya kwanza bado naidai, kila nikipita pale nitaidai.