Giethoorn au Middenbeemster, ukiwa na siku moja tu

Ukimuuliza mtu kijiji cha kutembelea Uholanzi atakutajia Giethoorn fasta, na kusema kweli pako poa sana, mapaa ya matete, madaraja ya mbao zaidi ya 170, ile mifereji ilitokana na watu kuchimba udongo wa kinamasi wakaukausha uwe kuni, halafu wakulima wakawa wanapakia hadi ng'ombe kwenye boti nyembamba inaitwa punter. Ila kiangazi hapapitiki, boti za kukodi zinagongana kama daladala Kariakoo.

Mimi ningeenda Middenbeemster, kijiji kingine hukohuko Uholanzi. Hapo pote palikuwa ziwa jamani, wakalikausha kwa vinu vya upepo hadi 1612, sasa mashamba yako kama mita 3.5 chini ya bahari, barabara zimenyooka kama zimechorwa na rula, na Unesco wakapaorodhesha kuwa urithi wa dunia 1999. Cheki nyumba zao za shamba, stolp, paa kama piramidi, ndani nyasi kavu zinarundikwa katikati, ng'ombe pembeni, familia mbele, wote chini ya paa moja! Kilichonimaliza ni tuta la mfereji unaozunguka eneo lote, unasimama chini karibu na ng'ombe unaona boti inapita juu ya kichwa chako.

Maduka machache, na masika harufu ya samadi utaisikia tu. Usafiri rahisi, unapitia mji wa Purmerend, wakati Giethoorn ni treni mpaka Steenwijk alafu basi.