Ruzuku ya kuandaa mpango mkakati: nyota tatu na nusu

Kuna wenzangu wa vyuoni wanauliza hizi ruzuku za kupanga mikakati zina faida au ni kujichosha, basi mimi nimetoka kwenye moja juzijuzi. Niko taasisi ya sera za mazingira ndani ya chuo kikuu, tulipewa miezi 12 tukamaliza kwa 16 na hasira bado sijaimaliza, mnivumilie.

Hela hii si ya utafiti. Hailipii kupima maji wala kuhesabu miti, inalipia watu wakae waamue taasisi ifanye nini miaka ijayo na iache nini. Hapo kwenye kuacha ndipo kazi ilipo. Sisi tunaishi kwa miradi, leo hewa ukaa, kesho taka za plastiki, keshokutwa bioanuai, popote penye hela tupo, ukiuliza hasa sisi ni wataalamu wa nini kila mtu anaangalia dari. Mfadhili wa kawaida hakulipi ukae ufikirie, huyu alilipa, nampa hongera.

Maombi mepesi, kurasa sita na hadidu za rejea za mshauri. Kilichotusumbua ni gharama za uendeshaji, yaani ile asilimia inayoongezwa juu ya gharama za mradi ili chuo kilipie ofisi, umeme na uhasibu. Soma hicho kipengele kabla ya kusaini maana wafadhili hawafanani kabisa, Horizon Europe, mfuko wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, wana kiwango kimoja cha asilimia 25, ruzuku za serikali ya Marekani kwa asiye na kiwango alichokubaliana nao zilikuwa asilimia 10 na tangu Oktoba 2024 ni mpaka 15, wetu sifuri. Chuo kikasema bila hiyo hakisaini, mfadhili akasema hatoi, sisi ndio nyasi hapo katikati ya tembo. Mwisho tukaandika chumba na siku za mhasibu kama matumizi ya kawaida ya mradi, ikapita bila neno. Wiki tano zilishakwenda.

Nyota ya kwanza naikata hapa: inalipa mshauri elekezi, hailipi muda wa wafanyakazi. Sasa mpango unaandikwa na nani? Mshauri kaja siku mbili, karatasi za rangi ukuta mzima, SWOT (orodha ya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho), logfremu (jedwali la malengo, shughuli na viashiria, kitu walichotengenezewa USAID, shirika la misaada la Marekani, mwaka 1969, mpaka leo kinatutesa), kaondoka, halafu katuletea drafti inayosema tutakuwa "kitovu cha ubora". Nani sasa hivi si kitovu cha ubora? Wahadhiri wetu wakawa wanasahihisha mitihani mchana, usiku wanaandika upya sura za mtu aliyelipwa.

Ila kulikuwa na fungu dogo la kushauriana na wadau, tulitaka kulimalizia kwenye kongamano, mwenzetu mmoja akasema jamani tupigeni simu tu. Tukaongea na watu 31, maofisa wa wizara, mawakili, waandishi wa habari, watu wa mashirika. Yaani tuliumbuka. Ripoti zetu za kurasa 80 hakuna anayezisoma, wanachotaka ni mtu wa kumpigia wiki ile muswada unajadiliwa, na sisi ripoti yetu inafika sheria imeshapita zamani. Hapo ndipo mpango ulipopatikana, si ukutani kwenye karatasi za rangi. Katika maeneo saba ya kazi tukafuta matatu, na kuna profesa mpaka leo hanisalimii.

Hata muda wa mpango tulibadilisha. Tulizoea miaka mitano, lakini Malengo ya Maendeleo Endelevu yanaishia 2030, na yale malengo 23 ya makubaliano ya dunia ya bioanuai ya Kunming-Montreal ya 2022, likiwemo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari, nayo ni 2030, sasa ukivuka hapo unapanga gizani. Tukaweka miaka mitatu.

Ofisa wa mfadhili hana shida, kutuongezea muda ilikuwa imeili moja tu, kajibu siku hiyohiyo.

Ukiomba, dai siku za mtu wenu mmoja zilipwe na uombe kabisa kifungu cha utekelezaji wa mwaka wa kwanza. Sisi hatukuomba. Mpango umepitishwa na bodi, umechapishwa vizuri, na yule mtu wa kupokea simu za wizara yumo ukurasa wa 9 lakini mshahara wake haupo popote. Kwa sasa zinaingia kwenye simu yangu.