Portal au Portal 2: hela ikitosha gemu moja, nunua ipi?

Mdogo wangu alipopata laptopu yake ya kwanza, moja ya zile zilizotumika ng'ambo ambazo maduka ya Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi huuza, aliniuliza kuna gemu gani ya kufikirisha ambayo haitaki kadi kubwa ya picha. Nikamwambia Portal. Dakika tano baadaye akarudi. "Lakini hapa ziko mbili, na bei ni ileile. Si afadhali nichukue ile mpya?"

Tuanze na hiyo bei. Steam, duka la gemu la mtandaoni, haiuzi kwa shilingi. Kila moja ni dola 9.99, karibu shilingi 1,300. Kama huna kadi ya benki, fungua ile kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay kwenye simu, hakikisha M-Pesa ina salio, ulipe. Na kama huna haraka, ngoja. Punguzo kubwa huja katikati ya mwaka na tena Desemba, na nimeshaziona zote mbili zikiteremka chini ya dola 2 kila moja.

Hela ikitosha zaidi ya moja, nafasi ya kwanza naipa pea nzima: nunua zote mbili, na uanze na Portal ya kwanza, ile ya 2007. Hapo sitetereki.

Portal ya kwanza ina wazo moja tu. Umeshika bunduki isiyoua mtu. Inatoboa mlango wa bluu kwenye ukuta huu na wa rangi ya chungwa kwenye ukuta ule. Ukiingia mmoja, unatokea kwenye mwingine. Ukijirusha kutoka juu ukaangukia mlango ulio sakafuni, kasi uliyoanguka nayo haipotei, unachomoka ukutani kama jiwe lililotoka kwenye manati. Wazo hili lilianza na wanafunzi wa chuo cha DigiPen huko Marekani, waliotengeneza gemu ndogo iitwayo Narbacular Drop. Valve, kampuni iliyotengeneza Portal, wakaiona, wakawaajiri. Vibao vya ukutani vinahesabu vyumba vya mafumbo hadi 19, na kila chumba kinakufundisha jambo ambalo chumba kinachofuata kitakudai. Mtu makini huimaliza kwa saa tatu au nne. Wengi hulalamika kwamba ni fupi. Mimi naona huo ufupi ndio uzuri wake, kwa sababu sijaona hata chumba kimoja kilichowekwa ili kujaza muda.

Portal 2 ilitoka Aprili 2011, na ni kubwa mara kadhaa. Kuna madaraja ya mwanga unayotembea juu yake. Kuna rangi za majimaji: ya bluu inakudundisha, ya chungwa inakukimbiza, na nyeupe ukiimwaga ukutani, ukuta uliokuwa unakataa milango unaanza kuikubali. Mazungumzo nayo yamekolea. Ellen McLain amerudi na sauti ya GLaDOS, ile mashine inayokusifu huku ikikutakia mabaya, na safari hii yuko na waigizaji Stephen Merchant na J. K. Simmons. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Lakini kuna sehemu ya katikati, ukishashuka chini kabisa ya jengo lenye vyumba hivyo, ambayo hainiridhishi hadi leo. Kumbi ni kubwa mno, na kuta zinazokubali mlango ni chache. Unajikuta unazungusha macho ukisaka kipande cheupe kule mbali, na ukikipata, fumbo limekwisha. Hapo unatafuta ukuta, hufikiri. Kwenye ya kwanza karibu kila kitu kilikuwa mbele yako, na kilichokosekana kilikuwa kichwani mwako.

Sababu ya kuanza na ya zamani ni hii: mapema katika Portal 2 unapitishwa kwenye vyumba vilevile vya awali, sasa vimebomoka na mimea imeotea ndani. Aliyewahi kutoa jasho humo husimama kidogo atazame. Asiyewahi ataona kuta mbovu tu.

Nafasi ya pili ni Portal 2 peke yake, ikiwa una mtu wa kucheza naye. Ya kwanza haina kabisa kipengele cha wachezaji wawili. Ya pili ina hadithi nzima ya roboti wawili, Atlas na P-body, kila mmoja na milango yake miwili, kwa hiyo mnahesabu minne. Mnaweza kugawana skrini moja mkiwa na padi ya kuchezea gemu. Mimi na dada yangu tuliicheza mtaani Umoja, wikendi tatu mfululizo, na hata stima ikipotea tulibaki gizani tukibishana mlango wa nani uwe wapi. Zaidi ya hapo, tangu Mei 2012 ina kifaa cha kujitengenezea vyumba, na vya wachezaji wengine unavipata bila malipo.

Ya tatu ni Portal pekee, kwa mwenye mashine dhaifu au bando la kubana. Inaridhika na RAM ya MB 512, wakati Portal 2 inataka GB 2 pamoja na nafasi ya GB 8 kwenye diski.

Mwenye mashine ya gemu ya Nintendo Switch achukue mkusanyo wa Juni 2022 wenye zote mbili, uliotoka kwa dola 19.99. Usinunue Switch kwa ajili yake. Ile Portal ya RTX ya Desemba 2022, toleo la kwanza lililoboreshwa picha, ni bure kwa aliye na Portal, ila inadai kadi ya picha ghali kuliko laptopu nzima ya mdogo wangu, kwa hiyo iruke.

Ukikutana na diski ya Portal 2 ya PS3 (PlayStation 3) iliyotumika, angalia mikwaruzo kwanza. Boksi lake lilikuja na msimbo (code) wa Steam unaotumika mara moja tu, kwa hiyo muuzaji akikuongezea bei kwa sababu ya huo msimbo, kataa. Na kabla hujaanza yoyote kati ya hizi, washa maandishi ya chini ya skrini. Kiswahili hakimo, na GLaDOS husema maneno yake makali zaidi kwa sauti ya upole sana.