MRI ya ubongo kwa mwenye skizofrenia: mara moja inafaa, kila mwaka hapana

Familia nyingi zinazomuuguza ndugu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, hufikia swali hili: tumpeleke MRI, yaani kupigwa picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku, kila mwaka tuone ubongo unapungua kiasi gani? Huduma ipo, na baadhi ya vituo huambatanisha picha na ripoti ya kompyuta inayotaja ujazo wa kila sehemu ya ubongo. Ugonjwa unapoanza, kipimo hiki ni kizuri na tunakipendekeza. Kwa kufuatilia ugonjwa mwaka hadi mwaka, hatukipendekezi hata kidogo.

Mabadiliko yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1976 Eve Johnstone na wenzake, wakitumia CT (picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta), walionyesha kwamba ventrikali, yaani vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, zilikuwa kubwa kupita kawaida kwa wagonjwa wa muda mrefu. MRI ikaja kuthibitisha na kuongeza: kwa wastani ubongo wote huwa mdogo kwa takriban asilimia 2 hadi 3, hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu, hupungua, na gamba la ubongo huwa jembamba, hasa mbele na kwenye maeneo ya karibu na masikio. Sehemu ya upungufu huo huwa tayari ipo mtu anapougua mara ya kwanza. Uchunguzi wa ubongo baada ya kifo hauonyeshi neuroni, yaani seli za ubongo zinazopitisha ujumbe, zikifa kwa wingi. Kinachopungua zaidi ni vitawi na vichomozo vidogo ambavyo neuroni hupokelea ujumbe. Anayeambiwa kwamba ubongo wa ndugu yake unakufa ameambiwa vibaya.

Tatizo liko kwenye hesabu. Tafiti za kufuatilia zinakadiria kwamba wagonjwa hupoteza kama asilimia 0.5 ya ujazo wa ubongo kwa mwaka, na wasio wagonjwa kama 0.2. Tofauti ni asilimia 0.3, ambayo kwa ubongo wa mililita 1,200 haifiki hata mililita 4. Sasa linganisha na utafiti uliochapishwa mwaka 2005: watu wenye afya walikaa saa 16 bila kunywa chochote, na ubongo wao ukapungua asilimia 0.55 kwenye picha, kisha ukarudi walipokunywa. Kiu ya usiku mmoja inazidi ugonjwa wa mwaka mzima! Ongeza mashine tofauti, au programu ya kupimia iliyobadilishwa toleo, na namba inapoteza maana kwa mtu mmoja mmoja.

Kibaya zaidi ni kichwa kutikisika. Picha iliyotikisika hulifanya gamba la ubongo lionekane jembamba kuliko lilivyo. Mgonjwa mwenye hofu, au anayetetemeka kwa sababu ya dawa, hutikisika zaidi ya wengine, hivyo kosa la kipimo linaegemea upande uleule wa ugonjwa, na familia inapewa habari mbaya ambayo si kweli.

Ripoti hizi zina hatari nyingine: mtu anasoma "chini ya wastani", anadhani dawa ndiyo inayopunguza ubongo, na kuiacha. Ni kweli kwamba utafiti wa mwaka 2011 uliofuatilia wagonjwa 211 kwa wastani wa miaka 7 hivi ulikuta dawa nyingi zaidi zikiambatana na upungufu mkubwa zaidi. Lakini anayeumwa sana ndiye hupewa dozi kubwa, na kuacha dawa ghafla huleta ugonjwa kurudi kwa nguvu. La kujadili na daktari ni dozi ndogo kabisa inayotosha, na mjadala huo hauhitaji MRI.

Kipimo cha kwanza kina kazi yake: kutafuta uvimbe, kiharusi, maji kujaa kwenye ubongo au dalili za maambukizi. Fomu ya daktari itaje kwamba ni saikosisi (hali ya kupotewa na uhalisia, kama kusikia sauti) ya mara ya kwanza, umri, na kama kuna degedege, homa au kuchanganyikiwa. Omba picha za T1 (aina ya picha ya MRI inayoonyesha vizuri umbo la ubongo) za pande tatu zenye vipande vya milimita 1, pamoja na aina nyingine za picha za MRI ziitwazo T2, FLAIR na difyusheni. Vipande vya milimita 5 vinatosha kuona uvimbe mkubwa, si kupima ujazo. Picha safi pia haifuti kila kitu: ubongo ulioshambuliwa na kinga ya mwili unaweza kuonekana wa kawaida, kwa hiyo degedege, homa au kuchanganyikiwa vikiwapo, maji ya uti wa mgongo bado yapimwe.

Kwa anayesikia sauti, kelele za mashine zinahitaji maandalizi. Msikilizisheni rekodi ya kelele hizo siku moja kabla, mwelezeni kwamba atalala humo dakika 20 hadi 45, na aonyeshwe kitufe cha kuita msaada akishike mkononi kabla ya kuingizwa. Anywe maji kama kawaida. Mwombeni fundi aikague T1 mgonjwa akiwa bado amelala pale. Ikiwa na ukungu, irudiwe hiyo peke yake.

Mkitoka, chukueni picha zenyewe kwenye diski, si karatasi ya ripoti tu. Fedha za kipimo cha mwaka unaofuata zipelekwe kwenye sukari, mafuta ya damu, shinikizo la damu na uzito, kwa sababu moyo na kisukari huwaua wagonjwa hawa mapema, na huko namba zikibadilika kuna la kufanya.