Sindano nyembamba kwa uvimbe wa mfupa: uzoefu wangu

Kipimo hiki cha kuvuta seli za uvimbe kwa sindano nyembamba ili zitazamwe kwa hadubini nakipa alama za juu pale gamba la mfupa, yaani tabaka gumu la nje, linapokuwa limeshaliwa na uvimbe. Hapo sindano nyembamba ya geji (kipimo cha unene) 22 au 23 na bomba la mililita 10 vinatosha. Gamba likiwa zima, sindano hiyo hupinda tu. Natanguliza sindano nene ya mfupa itoboe, nyembamba ipite ndani yake.

Sichomi kabla ya kuiona eksirei na kukubaliana na daktari wa upasuaji njia ya kupita. Ikiwa ni saratani ya mfupa wenyewe, njia hiyo hukatwa pamoja na uvimbe, kwa hiyo kuchoma ovyo kunaweza kumkosesha mgonjwa upasuaji wa kuokoa mguu. Kwangu hili ni zito kuliko ufundi wote wa maabara.

Ganzi ya lignokaini ifike kwenye utando wa mfupa, maana ndipo penye maumivu. Vuta bomba, sogeza sindano mbele na nyuma, kisha achia mvuto kabla ya kuchomoa; ukisahau, sampuli yote inarukia ndani ya bomba na slaidi, yaani vioo vya hadubini, zinabaki tupu. Baadhi ya slaidi zikauke kwa hewa, zipakwe rangi ya Giemsa. Nyingine zitumbukize papo hapo kwenye alkoholi ya asilimia 95 kwa rangi ya Papanicolaou, kwani zikianza kukauka viini vya seli hufifia. Mabaki yahifadhiwe kutengeneza bonge la seli, yaani seli zilizogandishwa pamoja ili zikatwe vipande vyembamba: sakoma ya Ewing (saratani ya mfupa) na limfoma (saratani ya seli za kinga) zote zina seli ndogo za mviringo, na bila vipimo vya kingamwili vinavyotambua alama za seli kama CD99 ni rahisi kuzichanganya. Ukitoka usaha, sehemu iende kuoteshwa na kupimwa kifua kikuu.

Saratani iliyosambaa kutoka kiungo kingine, na mieloma (saratani ya seli za uboho), hutambulika vizuri. Uvimbe wa gegedu ndio unaonisumbua: ule usio saratani na saratani ya daraja la chini hufanana mno, hivyo siandiki jibu bila eksirei mkononi. Mfupa uliokakamaa mara nyingi hautoi kitu.

Sindano kuvuta damu tupu ndiko kunakonitia hofu zaidi. Uvimbe-maji wa mfupa wenye damu hutoa hivyo, lakini ipo pia osteosakoma (saratani ya mfupa) yenye mashimo ya damu inayotoa hivyo hivyo. Ripoti naandika "sampuli haitoshi", kamwe si "hakuna saratani", na naomba biopsi ya sindano nene, yaani kutoa kipande cha uvimbe wenyewe.